Bunduki Mbili za Jina Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa bunduki. Nilichekecha mchanga.

Mchanga wenyewe ulikuwa ndani ya sanduku la mbao nene lililonifika kiunoni, limesimama kando ya mlango wa karakana yetu ya Shituru, mjini Likasi. Shefu wa Karakana, Mbelgiji aliyepinda mgongo kwa miaka mingi ya kuinamia jiliwa la kubania vyuma, alinipa chekeche na kuniambia nitoe humo mawe yote na vipande vyote vya risasi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Mama yangu alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe Donatien amepata ufundi wa bunduki, na sote pale nyumbani tulidhani hiyo ni kazi ya shati jeupe. Jioni nilirudi mwekundu kuanzia kola hadi viatu, na mama akaweka maji motoni.

"Weye unajua mchanga hii ni ya nini?" Shefu aliniuliza nilipomaliza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kampuni, kifupi, cha kuamrisha, kinachosema njo badala ya ndiyo, lakini alikisema bila kelele.

"Hapana, Chef."

"Bunduki yote inaingia hapa, mulomo ndani ya mchanga kwanza. Kiisha tunatoa risasi. Kiisha njo tunasalimia mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwindaji angeweza kufika na vumbi la safari nzima, ana kiu, ana habari za nyumbani, na hakuna aliyemjibu hata bonjour mpaka mdomo wa bunduki yake uwe mchangani. Nilidhani ni ukali wa mzungu. Baadaye nilipokuwa mimi mwenye karakana nilifanya vilevile, na watu wakasema ni ukali wa Donatien.

Ninaandika haya kwa sababu wajukuu na vijana wa mtaa wananiuliza swali lilelile kila wanapoona picha kwenye simu zao. Kuna bunduki ya uwindaji yenye sifa dunia nzima. Kuna ya zamani na kuna ya sasa, jina ni moja, na wao wanataka kujua ipi bora. Wanataka jibu la neno moja. Nimechoka kulijibu, kwa hiyo nitaeleza mara moja, vizuri, halafu waniache nikae.

Wakati ule kampuni ya shaba ilikuwa na kila kitu chake: shule, hospitali, mikate, hata wawindaji. Mfanyakazi alipewa unga na nyama, na sehemu ya nyama hiyo ilitoka porini. Karakana yetu ilitunza bunduki za wawindaji na za walinzi. Ya wawindaji ndiyo hiyo yenye sifa. Mbao ya kitako chake ilikuwa nzito, imechongwa mistari kwa mkono ili isiteleze kiganjani penye jasho. Chuma chake kilikatwa kutoka kipande kizima, na ungeweza kuona alama za mashine mahali ambapo hakuna mtu angeangalia.

Moyo wa bunduki ya namna hii ni kulasi. Hicho ni kipande cha chuma chenye mkono, ambacho mpigaji hukivuta nyuma na kukisukuma mbele. Kikisukumwa, huchukua risasi kutoka magazini, yaani kisanduku kilicho tumboni mwa bunduki, na kuipeleka chumbani, pale risasi inapolala tayari kupigwa. Kulasi ya zamani ilikuwa na ukucha, kipande kirefu cha chuma cha springi kilicholala ubavuni mwake. Risasi ikitoka tu magazini, ukucha unaidaka kwenye kitako chake na hauiachi tena. Ukisukuma, inakwenda nawe. Ukibadili nia katikati ya njia na kuvuta, inarudi nawe.

Kwa hiyo kuondoa risasi ilikuwa kazi nyepesi. Mdomo wa bunduki mchangani, unasukuma kulasi nusu ya njia, unavuta, risasi inakurukia mkononi. Nusu, vuta. Nusu, vuta. Risasi haikufika chumbani, basi haiwezi kulipuka. Isipotoka kitu, magazini ni tupu. Mwisho unafunga kulasi na kuvuta kifyatulio mara moja ili springi ya ndani ipumzike. Kazi hiyo tuliita nusu mkono. Hakuna mwindaji wa kampuni aliyefundishwa kulenga kabla hajajua nusu mkono akiwa amefumba macho.

"Doucement, polepole, Donatien," Shefu alikuwa akiniambia kila nilipokazana. "Bunduki hapana nyundo. Fundisha mukono. Mukono ikijua, kichwa inaweza kuchoka."

Maneno hayo niliyapenda sana wakati ule. Siku hizi nikiyakumbuka yananiuma.

Kutoka Shituru nilipelekwa Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, kutunza bunduki za walinzi wa ghala la baruti. Huko adui yangu alikuwa vumbi. Liliingia kwenye kulasi likashikana na mafuta, na asubuhi mlinzi anavuta kwa mikono miwili. Mkuu wa Machimbo, Mzaire wa kwanza kuniongoza, alikuwa mtu wa sauti kubwa ambaye hakuamini kwamba bunduki inahitaji kuoshwa ikiwa haijapigwa. "Haikufanya kazi, unaiosha ya nini?" Nilimwambia hata sahani iliyokaa kabatini hupanguswa kabla ya kupakua. Akacheka, akanipa mafuta ya taa niliyoyataka.

Baadaye nikapelekwa Kakanda, kambi ya wawindaji, na huko nilimkuta Mwansa.

Mwansa alikuwa mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Mkewe, Mama Odile, alisema ya wote wawili. Mwansa hakuwa mpigaji wa kujionyesha. Alikaribia mnyama mpaka akaona kope zake, na akikosa nafasi nzuri alirudi kambini bila kitu na bila maelezo. Bunduki yake ilikuwa moja ya zile za kwanza kabisa, na nusu mkono wake ulikuwa mzuri kuutazama. Risasi zilitoka moja baada ya nyingine na kuingia kiganjani bila hata moja kuanguka, na yeye wakati huo anatazama pembeni, anamsikiliza mkewe. Tukawa marafiki kwa namna ya watu wawili wanaopenda kazi moja na hawana haja ya kuizungumzia.

Tulikuwa Kakanda bado wakati masanduku ya bunduki mpya yalipofika. Mkuu wa Kitengo alikuja nayo mwenyewe kutoka Likasi, na suti yake, akafungua la kwanza mbele yetu.

"Ni namna moja na zile, Chef?" nikamuuliza.

"Namna moja. Soma hapa, jina njo ile ile."

Alisema kweli. Jina lilikuwa lilelile juu ya mtutu, na ukiziweka mbili ukutani, mtu wa kawaida asingejua ipi ni ipi. Nikaifungua mezani. Mistari ya kitako haikuchongwa, ilibanwa kwa chuma cha moto. Sehemu ya chini ya magazini ilikuwa ya madini mepesi. Na ukucha haukuwepo. Mahali pake palikuwa na kidole kidogo cha chuma ndani ya uso wa kulasi, kisichoshika kitu mpaka risasi ifike mwisho chumbani na mkono wa kulasi uinamishwe. Kabla ya hapo kulasi inasukuma tu. Risasi iko mbele yake, iko huru, inakwenda inakotaka.

Sitaki kuisema vibaya bunduki ile. Ilipiga sawa, na mimi nilizipima zote. Ilikuwa nyepesi begani. Uso wa kulasi yake ulikifunika kitako cha risasi vizuri zaidi, kwa hiyo ganda likipasuka, jicho la mpigaji lilikuwa salama kuliko kwenye ile ya zamani. Waliotengeneza walijua kazi yao. Ila kuondoa risasi kulihitaji njia nyingine: unasukuma mpaka mwisho, unainamisha mkono wa kulasi ili kidole kishike, unauinua, ndipo unavuta. Kisha unachungulia chumbani kwa macho yako. Njia hiyo niliipa jina la mkono mzima, na niliwafundisha wawindaji wote waliopewa bunduki mpya. Mwansa alisimama nyuma akitazama. Hakupewa mpya, wala hakuitaka.

Yeye ndiye aliyezipa majina. "Ya zamani njo Yaya," alisema, yaani ndugu mkubwa, "na hii njo Mudogo yake. Mama moja."

"Na baba?"

"Baba hatumujue."

Ilikuwa mara pekee nilipomsikia akifanya utani mbele ya watu, na kambi nzima ikayachukua majina hayo.

Kisha ikaja miaka ya tisini, ambayo sina nguvu ya kuieleza yote. Wenye umri wangu wanaijua na wenye umri mdogo wamesikia mpaka wamechoka. Nilikuwa nimerudishwa Shituru, na Mwansa pia, kwa kuwa kambi ya Kakanda ilifungwa. Tanuru za kiwanda zilipoa. Unga ulikoma, nyama ikakoma. Majirani zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wakakaa stesheni na watoto wao wakingoja treni, na fundi mwenzangu, mtu aliyenifundisha kupasha chuma moto, aliondoka nao na tupa zake kwenye mfuko wa kiunoni. Sikumsikia tena mpaka leo. Wawindaji vijana walikwenda kuchimba mawe ya shaba na kobalti kwa mikono yao. Bunduki nyingine zilipotea, na sikuuliza zilikokwenda. Ikabaki Yaya moja na Mudogo moja, nikiwa peke yangu na funguo za karakana.

Hata sanduku la mchanga halikupona. Asubuhi moja nilikuta mbao zake zimeng'olewa, zimechukuliwa na mtu kupikia bukari, yaani ugali, na mchanga umemwagika sakafuni. Sikukasirika. Nilikuwa ninajua njaa ya mtaa ule kwa majina ya watoto. Niliufagia mchanga kwenye pembe, nikasema nitatafuta mbao.

Wakati huo Mwansa ndiye aliyetulisha. Alikuwa akienda porini, anarudi na swala mdogo au nguruwe wa mwitu, na nyama inagawanywa kwenye nyumba za mstari wetu. Mama Odile ndiye mgawaji na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa alianza na nyumba zenye wagonjwa. Basi mtu atanielewa nikisema kwamba siku ukucha wa Yaya ulipovunjika nilikaa chini.

Ulivunjwa na mlinzi mmoja aliyeiazima Yaya. Alidondosha risasi chumbani kwa vidole, kama vile Mudogo inavyokubali, halafu akafunga kulasi kwa nguvu. Ukucha wa Yaya unataka kuichukua risasi kutoka chini, magazini. Ukiulazimisha kuruka juu ya kitako cha risasi, unapasuka. Mlinzi aliniletea vipande kwenye kitambaa, akisema chuma cha zamani ni kibovu.

Mwansa alikuja siku ileile kuichukua Mudogo.

"Chukua," nilimwambia, "lakini hii haiko Yaya. Weye utafanya mukono muzima."

"Miye nilijua bunduki mbele weye uote ndevu."

"Mukono yako njo inajua. Ile njo inaniogopesha."

Nilimpa risasi za mazoezi, zisizo na baruti, nikamtaka aondoe mbele yangu. Alifanya bila kosa. Akasukuma, akainamisha, akainua, akavuta, akachungulia. Alirudia, sawa tena. Ndipo nikamuuliza, kama watu wanaopiga soga, je, binti yake aliyeolewa Kambove amejifungua? Uso wake ukafunguka. Akaanza kunijibu kwamba ni mvulana, wamempa jina la babu yake, na nikaitazama mikono. Nusu, vuta. Kulasi ilirudi bila kitu. Risasi ilikuwa imeteleza chumbani peke yake, kwa sababu mdomo wa bunduki ulikuwa chini kama tulivyofundishwa. Alifunga kulasi, akavuta kifyatulio ili springi ipumzike, na karakana ikasikia mlio mdogo wa chuma juu ya risasi isiyo na baruti.

Alikuwa ameona, na mimi nilikuwa nimeona.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Nitatengeneza ukucha. Usiende na hii."

"Batoto balale njaa juu ya ukucha?"

"Mwansa, ninakuomba."

"Nitaangalia," alisema, akaibeba.

Ningewezaje kumnyima? Nyumbani kwangu pia walikuwa wanaingoja nyama hiyo. Tangu siku ile nilikuwa na shughuli moja tu duniani, kumaliza ukucha kabla mikono ya Mwansa haijasahau.

Ukucha wa namna hiyo hautengenezwi kwa chuma chochote. Nilikata kipande cha springi ya lori bovu lililokuwa nyuma ya karakana. Umeme haukuwepo, nikawasha makaa na kupuliza kwa mdomo na kwa kipande cha karatasi ngumu. Kwanza unakilainisha chuma kwa kukipasha na kukiacha kipoe polepole ndani ya majivu, ndipo tupa inaingia. Halafu ni tupa, tupa, tupa, ukipima kila mara kwa vipande vya ule uliovunjika. Ukishapata umbo, unakipasha tena na kukitumbukiza kwenye mafuta ili kiwe kigumu, na mwisho unakipasha kidogo mpaka kigeuke rangi ya buluu, ili ugumu upungue na kiweze kupinda bila kuvunjika. Mafuta ya kazi hayakuwepo. Nilichukua mawese ya mke wangu. Alinitazama nikiondoka na chupa, akasema kumbe sasa tutakula chuma.

Wa kwanza ulipasuka kwenye mafuta. Nilihisi machozi, na sikuyaficha kwa kuwa hapakuwa na mtu. Wa pili uligeuka buluu vizuri, rangi moja kuanzia ncha hadi mkiani. Niliuvisha kulasi, nikajaza Yaya risasi za mazoezi, nikafanya nusu mkono. Zikanirudia kiganjani zote. Nikaifunga Yaya kwenye gunia nimpelekee mwenyewe.

Sijafika mlangoni, Mama Odile akaingia. Alikuwa peku, na kitenge chake kilikuwa na damu ambayo haikuwa ya mnyama.

"Papa Dona, kuya, twende. Bunduki ilimukula."

Mwansa alikuwa amerudi asubuhi hiyo na nguruwe kwenye toroli. Watoto wa mstari mzima walikuwa wamelizunguka toroli uani, wanagombania nani atashika mguu wakati wa kuchuna, na Mama Odile alikuwa anamsemesha kuhusu chumvi. Mwansa akageuza mdomo wa bunduki chini, mbali na watoto, kama kanuni inavyotaka. Nusu, vuta. Hakikutoka kitu. Kwa mikono yake hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba risasi zimekwisha porini. Akafunga kulasi, akaipumzisha springi. Risasi ya mwisho ilikuwa chumbani, na uani hapakuwa na sanduku la mchanga. Palikuwa na mguu wake.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Wauguzi walifanya walichoweza, tukawaletea wenyewe maji na bandeji za shuka. Aliishi. Nawaambia vijana wasisahau hili: mdomo ulikuwa chini. Kanuni ileile ya sanduku iliyomtoa mguu ndiyo iliyowaacha watoto wote wa uani wakiwa hai. Nimeigeuza habari hiyo kichwani miaka yote hii na haijawahi kunipa nafuu.

Mtaani walisema ni bulozi, yaani uchawi. Kwenye kanisa la maombi alilokuwa akisali Mama Odile, mtu alisimama akasema kuna mkono uliotengeneza jambo hili, na macho ya watu yakazunguka yakitafuta aliyeishika bunduki ile mara ya mwisho. Mimi sikuwepo, niliambiwa. Mwansa yeye hakujali walozi. Kilichomla kilikuwa kingine, na nilikijua siku alipokuja karakana kwa mara ya kwanza na gongo lake la kutembelea, mkewe nyuma akimshika kiuno.

"Unipe Yaya," alisema.

Nikamwekea risasi za mazoezi. Mchanga ulikuwa bado sakafuni kwenye pembe, akaegemea meza, akaweka mdomo wa bunduki humo. Nusu, vuta. Risasi ikamrukia mkononi. Nusu, vuta. Zikaja zote, hakuna iliyoanguka. Akazishika zote pamoja, akazitazama muda mrefu.

"Donatien. Mukono yangu haikukosea."

"Haikukosea hata kidogo. Bunduki njo ilibadilishwa, jina banaiacha ile ile."

Kisha nikachukua Mudogo na risasi moja, nikafanya nusu mkono mbele ya Mama Odile, ili aone kwa macho yake inavyoteleza kwenda chumbani bila mlozi kuigusa. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akakaa kwenye kigoda akalia, na nilimwacha alie kwa sababu ilikuwa haki yake. Jumapili yake ya pili alisimama kanisani akawaeleza habari ya ukucha, tena kwa muda mrefu, na habari za bulozi zikaisha.

Baada ya hapo Mwansa alikuja karakana kila siku. Tulipata mbao, tukalijenga upya sanduku. Alipiga tupa, alipaka mafuta, alikaa. Porini hakurudi. Yaya ilipona na mwindaji wake hakupona, nayo nyama ikakoma kwenye mstari wetu, tukawa kama wengine. Mudogo ilikaa kwenye rafu yake ukutani. Mwansa hakuigusa wala hakukaa upande ule wa meza.

Halafu vita ikapita, utawala ukabadilika, na nchi ikabadilishwa jina. Bunduki ilikuwa imebadilishwa mwili ikaachiwa jina. Nchi ikabadilishwa jina, na mwili nawaachia wasomaji wautazame wenyewe. Ofisa wa jeshi jipya alikuja Shituru kuchukua silaha zote zilizobaki. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, mchovu kama sisi. Aliiinua Yaya, akaiinua Mudogo, akasoma majina juu ya mitutu.

"Hizi ni mbili za namna moja, mzee?"

Kabla sijajibu, Mwansa alisimama. Aliegemeza gongo lake kwenye jiliwa.

"Hapana, Chef. Unipe ile."

Alinyoosha mkono kwenye Mudogo. Ofisa akanitazama mimi, nami nikampa Mwansa risasi za mazoezi. Akaweka mdomo wa bunduki ndani ya sanduku, akasukuma mpaka mwisho, akainamisha, akainua, akavuta, akachungulia. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nikamuuliza kama watu wanaopiga soga, je, yule mjukuu wa Kambove ameanza shule?

"Ameanza," alijibu Mwansa. "Iko na akili. Mama yake anasema anasomea wenzake kwa sauti." Na wakati anasema, anatabasamu, mikono ilikwenda mpaka mwisho, ikainamisha, ikainua, ikavuta. Risasi ikatoka. Aligeuka akachungulia chumbani, kisha akaendelea na habari za mjukuu. Tena. Na tena. Haikukosea hata mara moja. Nilielewa kwamba miaka yote ile, akiwa amekaa upande wa pili wa meza, alikuwa anaifanya kichwani.

Akampa ofisa. "Fanya weye. Mukono muzima." Ofisa akafanya, Mwansa akamsahihisha, akafanya tena mpaka Mwansa akatikisa kichwa kuridhika. Kisha askari wake wakaziweka zote mbili kwenye gari lao.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kazi, ingawa hakuna aliyeniambia. Hapakuwa na sherehe wala mkono wa mkubwa. Nilikuja asubuhi zilizofuata, nikafungua, nikafagia, mpaka nikachoka kufagia chumba kisicho na bunduki. Mwansa amekwisha kufariki sasa. Mama Odile yupo, na bado anasema ya wote wawili. Mimi ninakaa nyumba ileile ya kampuni, na magoti hayataki tena.

Basi vijana, ipi bora? Zote mbili ni bora. Ubaya ulikuwa kuzipa jina moja. Mudogo ingekuja na jina lake, Mwansa angeuliza inatumiwaje, kwa kuwa hakuwa mtu wa kiburi mbele ya kitu asichokijua. Lakini walituambia ni ileile, na mikono yetu ikaamini. Si bunduki peke yake tuliyoambiwa hivyo miaka ile, na si mguu wa Mwansa peke yake uliokwenda. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha.

Siku ile ya ofisa, gari lao lilipoondoka, nilifunga karakana tukarudi nyumbani pamoja, polepole kwa ajili ya gongo. Tulifika kwenye reli. Hapo Mwansa alisimama apumzike, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yake na kuutazama, akasukuma hewa, akainamisha, akainua, akavuta.

"Uliona, Donatien?" alisema. "Sasa mukono inajua."

Nikamwambia nimeona. Tukavuka reli, tukaenda kula bukari.